Mtoto wa mgeni ni raia wa wapi?

Swali: Shikamoo. Mume wangu anasoma shahada ya uzamivu hapa Columbus, Ohio, kwa viza ya mwanafunzi, nami nimemfuata kwa viza ya mtegemezi. Sote ni Watanzania. Nina ujauzito wa miezi mitano. Wiki iliyopita, kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, jamaa mmoja alisema mtoto wetu hatakuwa raia wa Marekani kwa sababu Trump ameshalifuta jambo hilo, na kwamba ni haki alifute maana "uraia ni damu, siyo wodi". Watu wakacheka, mimi nikanyamaza. Naomba unieleze sheria inasemaje leo. Na je, ana hoja?

Jibu: Marahaba, na hongera. Pole pia kwa hicho kikundi. Nami nimo kwenye viwili vya namna hiyo, najua vinavyochosha.

Nianze na la haraka, maana mimba haingoji mabishano yaishe. Ninapokuandikia, Desemba 2025, mtoto anayezaliwa Columbus kwa wazazi wenye viza kama zenu ni raia wa Marekani siku hiyohiyo anayozaliwa. Trump hajafuta kitu. Alichofanya ni kusaini amri tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, akiziagiza ofisi za serikali kuu zisiwatambue kuwa raia watoto wa namna mbili: wale ambao mama yao yupo nchini bila makaratasi, na wale ambao mama yao yupo kihalali lakini kwa muda tu, kama mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa viza. Katika hali zote mbili, amri inamgusa mtoto ikiwa baba naye si raia wala hana grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Ninyi mko kwenye kundi la pili. Hapo jamaa yako amesoma sawasawa. Shida ni kwamba hakuendelea kusoma.

Siku tatu tu baada ya amri kusainiwa, Jaji John Coughenour wa Seattle, ambaye aliteuliwa na Reagan, rais wa chama cha Republican, na hawezi kuitwa mtu wa mrengo wa kushoto, aliizuia akisema inavunja Katiba waziwazi. Majaji wengine wakafuata. Serikali ikapanda hadi Mahakama ya Juu, lakini haikuuliza kama amri ni halali. Ililalamika kwamba jaji mmoja wa wilaya hana mamlaka ya kuweka zuio la nchi nzima, na tarehe 27 Juni 2025 ikashinda hoja hiyo kwa majaji sita dhidi ya watatu. Nadhani uvumi wa kikundini ulizaliwa siku hiyo: watu walisikia "Trump ameshinda" wakazima redio. Uraia wenyewe haukuguswa. Hata wiki mbili hazijatimia, tarehe 10 Julai, Jaji Joseph Laplante wa New Hampshire akaizuia tena amri kwa kupitia mlango ambao Mahakama ya Juu ilikuwa imeuacha wazi, yaani shauri la pamoja, ambapo watoto wote wa nchi nzima wanaoguswa na amri, waliokwisha kuzaliwa na watakaozaliwa, wanahesabiwa kundi moja la walalamikaji. Mtoto wako, dada, atakuwa mdai katika kesi ya kihistoria kabla hajakata kitovu.

Ijumaa ya tarehe 5 Desemba Mahakama ya Juu ilikubali kuisikiliza kesi hiyo, safari hii kwa kiini chake. Uamuzi unatarajiwa kabla hawajafunga kikao chao cha mwaka, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai 2026. Wewe utakuwa umejifungua Aprili. Nitarudi kwenye pengo hilo la miezi miwili mitatu mwishoni, maana kuna mambo ya kufanya.

Sasa hoja ya damu na wodi.

Kifungu chenyewe kiko kwenye Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyoidhinishwa Julai 1868. Kwa tafsiri yangu kinasema: watu wote waliozaliwa au kupewa uraia nchini Marekani, na walio chini ya mamlaka yake, ni raia wa Marekani na wa jimbo wanamoishi. Ugomvi wote wa mwaka huu uko kwenye hicho kipande cha katikati, "walio chini ya mamlaka yake". Serikali inadai mwanafunzi wa kigeni, na mtu asiye na makaratasi, hawako chini ya mamlaka ya Marekani kwa maana kamili, kwa kuwa utii wao uko kwao walikotoka.

Pima wewe mwenyewe. Mumeo akipita kwa mwendo mkali kwenye barabara ya I-71, trafiki akamsimamisha, atampigia saluti au atamwandikia faini? Ataandika. Asipolipa ataitwa mahakamani, na hakimu hatamuuliza moyo wake uko Columbus au Singida. Huyo ndiye mtu aliye chini ya mamlaka. Balozi wa nchi fulani akifanya kosa hilohilo, hashtakiwi, kwa sababu ana kinga. Ndiyo maana mtoto wa balozi, hata akizaliwa katikati ya Washington, si raia wa Marekani. Wala hawakuwa raia watoto wa jeshi adui lililoteka ardhi. Wenyeji asilia nao waliwekwa nje kwa kuwa makabila yao yalihesabiwa kama mataifa yanayojitawala. Mahakama ya Juu ilimnyima John Elk uraia mwaka 1884 kwa sababu hiyo, na ilichukua hadi 1924 kwa Bunge kulirekebisha. Sioni mwanafunzi wa uzamivu na mkewe wanaingiaje kwenye orodha hiyo.

Na kifungu hiki kilitoka wapi? Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Jaji Mkuu Roger Taney aliamua kwamba mtu mweusi mwenye asili ya watumwa hawezi kuwa raia wa Marekani, awe mtumwa au huru, hata akizaliwa palepale na baba yake na babu yake wakiwa wamezaliwa palepale. Uraia ulikuwa damu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, waliovishinda waliandika Marekebisho ya 14 ili uamuzi ule usiweze kurudi hata Bunge likibadilika, hata rais akibadilika. Jamaa yako anaposema uraia ni damu, hajui anarudia maneno ya nani. Mwambie taratibu, wengine huona haya wakijua.

Utajibiwa kwamba basi kifungu kilikuwa cha watumwa walioachwa huru na wanao, si cha wageni. Mjadala wa Seneti wa 1866 unapatikana, mtu yeyote anaweza kuusoma. Edgar Cowan wa Pennsylvania, aliyekuwa akipinga, aliuliza kwa kejeli kama watoto wa Wachina wa California, na wa Wajipsi wa jimboni kwake, nao watakuwa raia. John Conness wa California, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa Ireland, akajibu kwamba ndiyo, watoto wa Wachina watakuwa raia, na yeye anaafiki. Tazama hapo: mpinzani na mtetezi walikielewa kifungu vilevile. Walichotofautiana ni kama kinawapendeza.

Kuna kauli nyingine ya serikali inayonikera zaidi, kwa sababu inatugusa Waafrika. Wanasema waandishi wa 1868 hawakuweza kuwafikiria watu walioingia nchini kinyume cha sheria, maana enzi hizo hawakuwepo. Si kweli. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia tarehe 1 Januari 1808, na biashara haikukoma. Ilihamia njia za panya. Mwaka 1860 meli iitwayo Clotilda ilipenya usiku ghuba ya Mobile, Alabama, ikiwa na watu wapatao 110 walionunuliwa Ouidah, katika Benin ya leo. Baada ya kuwashusha, wenye meli waliichoma moto ili kupoteza ushahidi, na mabaki yake yalikuja kutambuliwa mwaka 2019. Watu wale waliingizwa kwa uvunjaji wa sheria usio na shaka, ingawa hawakuutenda wao. Baada ya vita walinunua ardhi, wakajenga makazi yao wakayaita Africatown, yapo hadi leo. Mmoja wao, Kossola, ambaye Wamarekani walimwita Cudjo Lewis, aliishi hadi 1935. Watoto waliowazaa Alabama walikuwa raia, na Marekebisho ya 14 hayakuuliza baba na mama zao waliingia kwa meli gani wala kwa kibali cha nani.

Kwa maoni yangu, kutouliza huko ndiko thamani nzima ya kanuni hii. Wengine huitetea kwa kusema wahamiaji wana bidii, wanalipa kodi, wanabeba boksi usiku na mchana. Ni kweli, lakini mimi siitumii hoja hiyo. Ukishaanza kumpima mtoto kwa bidii ya baba yake, umekubali kwamba kuna wa kupimwa, na kesho baba akiugua utaambiwa nini?

Kesi iliyofunga mjadala ni ya Wong Kim Ark. Alizaliwa San Francisco mwaka 1873. Wazazi wake walikuwa Wachina, na sheria haikuwaruhusu kabisa kuchukua uraia wa Marekani. Mwaka 1895 alirudi kutoka safari ya China akazuiwa asishuke, akashikiliwa melini bandarini miezi kadhaa, eti mfalme wa China ndiye bwana wake. Machi 1898 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya wawili, ilimtangaza raia. Jaji Horace Gray aliandika kwamba wanaobaki nje ya kanuni ni hasa wale niliokutajia: mabalozi, jeshi adui, na makabila ya wenyeji. Kumbuka huo ulikuwa wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa sheria ya nchi tangu 1882, na bado majaji hawakuweza kukwepa maandishi.

Nisiwe mwongo: upande wa pili una karata moja ya kweli hapo. Hukumu ya Wong Kim Ark inataja mara kadhaa kwamba wazazi wake walikuwa na makazi ya kudumu Marekani. Mawakili wa serikali wanasema basi, mwenye makazi ya muda hayumo. Ninyi hasa ndio mnaolengwa na hoja hiyo. Jibu langu ni kwamba makazi yale yalikuwa maelezo ya kesi iliyokuwa mezani, wala si msingi wa uamuzi. Ukifuata njia ya Gray anapojenga hoja, anasimama juu ya sheria ya kale ya Kiingereza na juu ya uamuzi wa John Marshall wa 1812 katika kesi ya meli Exchange, unaosema mgeni aliyekuja kwa biashara au kwa matakwa yake tu, madhali yumo nchini, anawajibika kwa utii wa muda na yuko chini ya sheria za hapo. Aliyekuja kwa matakwa tu! Huyo hana hata nyumba ya kupanga. Naamini hoja ya makazi itaanguka, lakini mahakama ni watu, na sitakuapia.

Lingine jamaa yako hatalitarajia. Fungua Sheria ya Uraia ya kwetu, Sura ya 357, ya mwaka 1995, kifungu cha 5. Kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano anahesabiwa raia kuanzia siku ya kuzaliwa, isipokuwa kama wazazi wote si raia na baba ana kinga ya kibalozi, au kama mzazi ni adui na mtoto kazaliwa mahali palipokaliwa na adui. Balozi na jeshi adui, walewale wa Jaji Gray! Si muujiza. Marekani na sisi tulirithi kwa mzee mmoja, sheria ya Kiingereza, tangu shauri la Calvin la 1608. Kwa vitendo, mamlaka zetu zimekuwa zikikisoma kifungu hicho kana kwamba kinadai angalau mzazi mmoja awe Mtanzania, na mtoto wa mkimbizi aliyezaliwa Kigoma anajua tofauti ya karatasi na dirisha la ofisi. Lakini maandishi ndiyo hayo. Anayesema uraia wa kuzaliwa ni upuuzi wa Wamarekani na asome sheria ya kwao kwanza.

Uraia wa damu tumeuona ukifanya kazi, na karibu tu. Muulize Mkongomani wa Kivu, nao huku Marekani ni wengi. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia wa Zaire watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya 1950. Juni 1981 ikaja sheria nyingine: raia ni yule ambaye kabila la mababu zake lilikuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Agosti 1885. Watu waliozaliwa Masisi, kulekule Kivu, wakasoma Masisi, wakazika wazazi wao Masisi, wakaamka wageni. Nani ana karatasi ya 1885? Hakuna anayeweza kusema vita vya miaka ya 1990 vilikuwa na sababu moja, ila yeyote anayevieleza bila kutaja suala la uraia anakuficha nusu ya habari.

Au chukua Wamakonde wa Kwale, Kenya. Babu zao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani enzi za ukoloni. Watoto na wajukuu walizaliwa pwani ya Kenya bila kitambulisho, maana yake bila akaunti ya benki, bila laini ya simu kwa jina lako, bila M-Pesa, na polisi akikukuta barabarani huna kipande. Oktoba 2016 walifunga safari kwenda Nairobi kumwona rais, sehemu kwa miguu, ndipo wakatambuliwa. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri hadi 2023. Hao wote ni watoto wa wageni waliozaliwa pale, na kizazi baada ya kizazi waliulizwa swali ambalo mtoto hawezi kulijibu, wazazi wako walitoka wapi?

Ni kweli nchi nyingine zimeiacha kanuni hii na hazikuanguka. Uingereza iliiacha kuanzia Januari 1983, Australia 1986, Ireland kwa kura ya maoni ya 2004. Mtu akikutajia hizo usibishe. Muulize tu zilifanyaje. Kwa sheria ya Bunge au kwa kura ya wananchi, na kwa watoto wa baadaye. Hakuna waziri mkuu aliyeamka asubuhi na kalamu. Na kuna gharama: Uingereza ina watoto waliozaliwa hospitali za London, hawajawahi kuona nchi nyingine, wanaosubiri watimize miaka kumi ndipo waruhusiwe kuomba kusajiliwa raia kwa ada ambayo mwaka 2025 ilikuwa zaidi ya pauni 1,000. Jamhuri ya Dominika ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 mahakama yake ya katiba iliwavua uraia watu wenye asili ya Haiti kwa kurudi nyuma hadi waliozaliwa 1929. Bibi wa miaka themanini anaambiwa hakuwahi kuwa raia.

Kuhusu wanaokwenda Marekani kuzaa kisha wakaondoka: wapo, wenye fedha zao. Tangu Januari 2020 maofisa wa viza wanaweza kumnyima viza ya utalii mtu wanayeamini anakwenda kwa ajili hiyo. Tatizo linashughulikiwa dirishani, kwa mama, bila kumgusa mtoto. Na wale wanaosema mtoto ni nanga ya kuwashikilia wazazi wasirudishwe kwao, hawajawahi kuijaza fomu. Mtoto raia hawezi kumwombea mzazi grini kadi mpaka atimize miaka 21. Ni mpango gani huo wa hila wa kungojea miaka 21? Wazazi wa watoto raia wanarudishwa makwao kila wiki.

Jambo moja halizungumzwi kikundini. Leo cheti cha kuzaliwa kinatosha kuthibitisha uraia wa mtoto, na hospitali haikuulizi viza. Amri ikianza kazi, cheti hakitatosha kwa yeyote, hata kwa mjukuu wa sita wa shamba la Iowa, kwa sababu hakionyeshi mama yake alikuwa nani kisheria siku ile. Kila mzazi atabidi alete ushahidi. Nchi hii haina daftari moja la raia wala kitambulisho cha taifa kama cha NIDA. Kazi hiyo itaangukia wauguzi, makarani wa majimbo na mama aliyeshonwa jana. Na taasisi ya utafiti ya MPI, pamoja na Chuo Kikuu cha Penn State, ilikadiria mwaka huu kwamba badala ya kupunguza watu wasio na makaratasi, amri ingewaongeza kwa milioni 2.7 kufikia 2045, kwa kuwa inazalisha wageni ndani ya nchi bila hata mmoja kuvuka mpaka.

Sasa yale ya kufanya. Mtoto akizaliwa, hospitali itakupa fomu ya cheti. Kubali palepale ombi la namba ya Social Security, utaepuka foleni. Cheti kikitoka, agiza nakala tatu zilizothibitishwa. Mwombee pasi ya Marekani mara moja, msingoje Juni. Kwa mtoto wa chini ya miaka 16 wazazi wote wawili hufika, na pasi hudumu miaka mitano. Tunza nakala za hadhi zenu kama zilivyokuwa siku ya kuzaliwa: I-94 zote mbili (rekodi zenu za kuingia nchini), I-20 ya mumeo na yako (fomu ya chuo ya mwanafunzi na mtegemezi wake), viza, barua ya chuo. Uamuzi ukija vibaya, hizo ndizo wakili atakazoziomba kwanza. Chuo cha mumeo huenda kina ofisi ya msaada wa sheria kwa wanafunzi wa kigeni. Nendeni mapema, kabla tumbo halijawa kubwa.

Upande wa nyumbani, kama wewe au mumeo ni raia wa kuzaliwa, mtoto ni Mtanzania kwa kurithi. Hatabaki bila nchi hata mambo yakienda mrama. Akifika miaka 18 sheria yetu, isiyokubali uraia pacha kwa mtu mzima, itamtaka achague. Mna muda.

Na majina. Andikeni kwenye cheti majina yenu herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye pasi zenu za Tanzania. Nimeona familia ikihangaika mwaka mzima kwa sababu baba alikuwa Mohamed kwenye pasi, Muhammad kwenye cheti cha mwanawe, na karani hakutaka kuamini kwamba ni mtu mmoja.